Kura ya rais iliyonivusha Kobero mara nne

NIMEVUKA mpaka wa Kobero mara nyingi kiasi cha kushindwa kuhesabu, maana kazi yangu ni kuleta mchele na unga kutoka Ngara na kuuza Muyinga mjini. Lakini zipo safari nne ambazo sijazisahau. Mbili nilikuwa nakimbia, mbili nilikuwa narudi. Na kila ninapozifikiria naona zote zinatokana na suala ambalo wengi wetu huku mpakani tunadhani ni la wanasheria wa Bujumbura: rais wa nchi achaguliwe na nani, na kwa njia gani?

Suala hilo lilizuka tena majuzi katika mgahawa mmoja wa Muyinga, tulipokuwa tunasubiri mvua ikatike. Dereva mmoja wa lori kutoka Tanzania alikuwa anatamba kwamba kwao rais huchaguliwa na wananchi wenyewe, hakuna kupitia mlango wa nyuma. Kijana mmoja akamkumbusha Oktoba 29, 2025, namna maandamano yalivyozuka, intaneti ikazimwa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Mwingine akaongeza kwamba tangu katiba yao ilipobadilishwa mwaka 2000, anayewazidi wenzake kwa kura ndiye rais hata kama hakufikisha nusu. Dereva akasonya, akaagiza chai nyingine.

Ndipo mama mmoja muuza vitenge, mrejeaji kama mimi, akatoa lake. Kwa maoni yake kura ya rais wangeachiwa wabunge. Wajifungie siku moja, wamchague mtu wao, watangaze redioni, na sisi asubuhi twende sokoni kama kawaida. "Wengine wakipanga foleni ya kura, mimi nafunga mizigo," alisema. Watu wakacheka, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Mimi nilinyamaza. Nilijua kwamba nchi yetu ilishafanya hivyo hivyo anavyotaka huyo mama, na ndiyo iliyotufikisha kwenye safari yangu ya tatu. Lakini nilijua pia kwamba safari ya kwanza ilitokana na ile njia nyingine, anayoisifu dereva. Ndugu msomaji, naomba nieleze.

Foleni ya baba

Juni 1, 1993 nilikuwa na miaka tisa. Baba alivaa koti lake la kwendea kanisani, akatoka alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye shule ya msingi ya kilima chetu. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa rais wenye vyama vingi nchini Burundi. Marais watatu waliotangulia, Michel Micombero mwaka 1966, Jean-Baptiste Bagaza mwaka 1976 na Pierre Buyoya mwaka 1987, wote waliingia kwa mapinduzi. Safari hii Melchior Ndadaye wa FRODEBU alipata karibu asilimia 65, Buyoya wa UPRONA akapata karibu theluthi moja, akakubali matokeo na kukabidhi madaraka Julai 10. Kwa mtoto kama mimi lilionekana jambo rahisi. Watu wamepanga foleni, kura zimehesabiwa, mkubwa mmoja ametoka na mwingine ameingia.

Oktoba 21 ya mwaka huo huo wanajeshi walimuua Ndadaye. Alikuwa amekaa madarakani siku mia moja na tatu tu. Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, ambaye ndiye angeshika nafasi yake, naye aliuawa. Yaliyofuata kila mrejeaji anayajua kwa namna yake, nami sitaki kuyaeleza hapa moja baada ya jingine. Sisi tulivuka Kobero kwa miguu, mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni, baba amebeba redio. Hatimaye tukafika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, na huko ndiko nilikokulia.

Nchi iliyobaki nyuma yetu haikuwa na rais, na haikuwa na uwezo wa kuitisha uchaguzi huku watu wanakimbia. Kwa hiyo katiba ikarekebishwa, na Januari 1994 Bunge likamchagua Cyprien Ntaryamira. Miezi mitatu haikupita tangu aapishwe, akafa Aprili 6 pamoja na Rais Habyarimana wa Rwanda, ndege yao ilipotunguliwa Kigali. Spika Sylvestre Ntibantunganya akashika nafasi, akathibitishwa kwa makubaliano ya vyama yaliyofikiwa mezani. Julai 25, 1996 Buyoya akarudi kwa mapinduzi. Hebu hesabu: kura ya wananchi, kura ya wabunge, makubaliano ya vyama na bunduki. Njia nne katika miaka mitatu na ushei.

Wasuluhishi wawili

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000. Kule Lukole tulisikiliza habari hizo kwenye redio ile ile ya baba, watu wamejazana mlangoni. Jambo moja nililigundua baadaye sana, nikashangaa kwamba halizungumzwi. Wasuluhishi wakuu wawili wa mazungumzo yetu walipata urais kwa njia mbili tofauti. Mwalimu Nyerere, aliyeanza kazi hiyo hadi alipofariki Oktoba 1999, alichaguliwa rais mwaka 1962 kwa kura ya wananchi. Mzee Mandela, aliyepokea kijiti, alichaguliwa na Bunge la Afrika Kusini Mei 9, 1994, na mpaka leo wenzetu wale hawana karatasi ya kura ya rais. Wanapigia vyama, na Bunge linamchagua rais.

Mkataba wenyewe ulichukua njia zote mbili. Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito angechaguliwa na Bunge na Seneti vikikaa pamoja, kwa theluthi mbili ya kura. Wanaofuata wangechaguliwa na wananchi. Sababu ilikuwa hofu ya mwaka 1993. Bunge liligawanywa Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, pamoja na Watwa watatu, na Seneti ikagawanywa nusu kwa nusu. Ukipiga hesabu utaona kwamba wabunge na maseneta Wahutu peke yao wasingefikisha theluthi mbili, achilia mbali Watutsi peke yao. Mtu angelazimika kuomba kura upande wa pili wa mto. Aliyeipanga hesabu hiyo hakuwa mjinga.

Nilirudi mwaka 2004, hiyo ikawa safari yangu ya pili. Februari 28, 2005 nilipiga kura yangu ya kwanza maishani, kura ya maoni ya katiba, na zaidi ya asilimia 90 tulisema ndiyo. Julai 4 tukachagua wabunge. Agosti 19 wabunge na maseneta wakakaa, mgombea akiwa mmoja tu, Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD, na akapata kura 151 kati ya 162. Chama chake kilikuwa na viti 64 kati ya 118 vya Bunge, kwa hiyo kisingefika huko bila kura za wengine. Siku ile nilikuwa nauza dagaa sokoni Muyinga. Sikumbuki duka lililofungwa. Kwa hilo mama wa vitenge ana haki yake.

Kuna jambo dogo ambalo huyo mama hakulisema. Mwezi mmoja na nusu kabla, nilipochagua wabunge, sikuchagua mtu. Nilichagua chama. Kwetu orodha ya wagombea imefungwa, majina yanapangwa na wakubwa wa chama. Sheria iliwataka wahakikishe kwamba katika kila majina matatu yanayofuatana yasizidi mawili ya kabila moja, na katika kila manne awepo mwanamke mmoja. Ni sheria nzuri kwa mchanganyiko, na imewaingiza bungeni watu ambao wasingeingia. Lakini mbunge ambaye sikumchagua kwa jina, hanijui na simjui, aliponichagulia rais alikuwa anatumwa na nani? Na mimi, je, niliwahi kumpigia kura rais huyo? Mwaka 2005 swali hilo lilikuwa la kupotezea muda kijiweni. Miaka kumi baadaye liliua watu.

Muhula upi ulihesabiwa?

Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya wananchi. Vyama vya upinzani vilijitoa baada ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa tarafa wa Mei, na Juni 28 jina likabaki moja, Nkurunziza, aliyepata zaidi ya asilimia 91. Machi 2014 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya katiba, ambayo wapinzani walisema yangemfungulia njia ya kuendelea. Yalishindwa kwa upungufu wa kura moja. Kura moja tu, msomaji! Ungedhani mjadala umekwisha.

Aprili 25, 2015 chama kikamteua agombee tena. Hapo ndipo ibara mbili za katiba zilipogombana mbele ya macho yetu. Ibara ya 96 ilisema rais huchaguliwa na wananchi kwa kura ya moja kwa moja, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Ibara ya 302 ilisema rais wa kwanza baada ya mpito atachaguliwa, kwa namna ya pekee, na Bunge pamoja na Seneti. Waliomuunga mkono wakasema muhula wa 2005 haukutoka kwa wananchi, kwa hiyo hauhesabiwi, na bado ana mmoja. Waliompinga wakasema Mkataba wa Arusha umeandika wazi kwamba hakuna mtu atakayekaa zaidi ya mihula miwili, awe amechaguliwa na nani.

Mahakama ya Katiba ilikubaliana na upande wa kwanza mwanzoni mwa Mei. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda bila kutia saini. Mei 13 kukawa na jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Uchaguzi ukafanyika Julai 21, na Nkurunziza akatangazwa mshindi kwa asilimia 69. Ndani ya kipindi hicho na miaka iliyofuata Warundi zaidi ya 400,000 walivuka mipaka, wakaenda Tanzania, Rwanda, Kongo na Uganda.

Mmoja wao ni mimi. Sikuwa mwanasiasa wala sikuandamana. Lakini jina langu lilitajwa mahali ambapo si vizuri kutajwa, kwa sababu nilisema sokoni kwamba mbili ukiongeza moja ni tatu. Nikapita Kobero usiku, nikapelekwa Nyarugusu, kisha Nduta. Kwenye mahema nilikutana na watu wenye elimu kubwa waliokuwa bado wanabishana kuhusu ibara ya 302, wamekaa juu ya madumu ya maji. Nilirudi mwaka 2018 kwa nauli yangu, juu ya lori la mahindi.

Mwaka huo, Mei 17, katiba ilibadilishwa tena kwa kura ya maoni. Muhula ukawa miaka saba. Nkurunziza akaisaini Bugendana, mkoani Gitega, Juni 7, na hapo hapo akasema hatagombea tena. Mei 20, 2020 Evariste Ndayishimiye alichaguliwa na wananchi kwa zaidi ya asilimia 68, mbele ya Agathon Rwasa aliyepata kama 24. Nkurunziza alifariki Juni 8 kabla hajakabidhi, na Ndayishimiye akaapishwa Gitega siku kumi baadaye.

Mzee wa Gitega

Ni huko Gitega nilikopeleka ubishi wetu wa mgahawani. Nilikuwa na magunia ya mchele ya kumpelekea mteja. Kutoka Muyinga malori mengi ya Kobero hushika njia ya Ngozi. Sisi tulipita Karuzi, barabara ya vilima, tukafika Gitega mchana. Mji huu sasa ndio makao makuu ya kisiasa tangu Bunge lilipopitisha hivyo Januari 2019. Bado una utulivu wake wa zamani, na boma la Wajerumani liko pale pale.

Mteja wangu ana baba mkwe, mwalimu mstaafu, mushingantahe anayeheshimika mtaani. Mwaka 1993 alisimamia kituo cha kura upande wa Giheta. Nilimsalimu, nikamkabidhi kilo mbili za mchele kwa heshima yake, nikamweleza habari ya mama wa vitenge. Hakucheka.

"Mama huyo ana akili, mwanangu," alisema. "Mwaka ule sisi hatukuhesabu kura. Tulihesabu watu."

Alikuwa na maana kwamba kura ya moja kwa moja, katika nchi yenye kabila moja kubwa na jingine dogo, inageuka sensa. Aliye mdogo anajua ameshindwa kabla ya kituo kufunguliwa, na mtu wa namna hiyo akiwa na jeshi, atafanya nini? Alinitajia Kibimba. Pale, katika tarafa hiyo hiyo ya Giheta, habari za kifo cha Ndadaye zilipofika, wanafunzi Watutsi walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta. Kumbukumbu yao imejengwa kando ya barabara, kila anayetoka Gitega kwenda Bujumbura huipita. Mmoja wa wanafunzi wale alikuwa mtoto wa dada yake. Baada ya hapo Wahutu nao waliuawa na wanajeshi, vilima kwa vilima, alisema hivyo mwenyewe bila mimi kumuuliza.

Nilisubiri kidogo kabla ya kumjibu, maana kwa mzee kama yule hujibu haraka. Nikamwambia, "Mzee wangu, Watutsi wanakadiriwa kuwa kama asilimia 14 au 15. Buyoya alipata karibu theluthi moja. Hizo nyingine zilitoka wapi kama siyo kwa Wahutu?" Alitazama chini, kisha akakiri kwamba hata kituoni kwake lilimshangaza hilo. Nadhani katika ubishi wetu wote hiyo ndiyo hesabu inayosahauliwa zaidi. Watu hawakupiga sensa. Waliofanya mauaji ndio walioisoma kama sensa.

Tukajaribu dawa ya Wakenya. Katiba yao ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Ni kinga dhidi ya rais wa sehemu moja. Mzee aliipenda kwa dakika tano. Kisha akaniuliza hapa kwetu Watutsi wanakaa kaunti gani. Jibu ni kwamba hawana kaunti. Tunakaa kilima kimoja, tunachota maji kisima kimoja, lugha ni moja. Kinga inayopimwa kwa ramani haitusaidii. Kwa sababu hiyo Arusha waliipima kwa viti.

Lakini viti navyo vimebadilika. Mwaka 2005 theluthi mbili ya wabunge ilikuwa na maana, kwa kuwa hakuna chama kilichokuwa nayo peke yake. Juni 5, 2025, nchi ikiwa imeshagawanywa upya kutoka mikoa 18 kuwa mitano, na Muyinga yetu ikawekwa Buhumuza, chama tawala kilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa. Nilimwomba mzee afikirie wabunge wale ndio wajifungie kumchagua rais. Mchanganyiko wa makabila upo, lakini nani atamwomba nani kura? Safari hii mzee alikaa kimya zaidi ya mimi.

Kwa upande wangu, nikilazimishwa kuchagua, nachagua foleni ya baba. Siyo kwamba inalinda watu. Nimeona haikumlinda hata aliyechaguliwa. Tena katiba yetu ina duru ya pili kwa asiyefikisha nusu, na tangu 1993 haijawahi kutumika hata mara moja, jambo ambalo lenyewe linaeleza mengi kuhusu foleni zetu. Naichagua kwa sababu ya hesabu tu. Kura niliyoipiga mwenyewe hakuna mwanasheria atakayeniambia baadaye kwamba haikuwepo. Lakini kama ingekuwa ni wabunge, ningedai sentensi moja ya ziada katika ibara ile: kwamba muhula ni muhula, uwe umetolewa na bunge au na kilima. Mwaka 2005 sentensi hiyo haikuwekwa katika ibara ya 302. Mimi nimelala miaka mitatu hemani kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi katika karatasi.

Uchaguzi wa rais unaofuata umepangwa mwaka 2027. Mke wangu bado ana begi moja chini ya kitanda, lina nguo za watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa. Nimemwambia mara nyingi alifungue. Anajibu kwamba atalifungua mwaka 2028.

Jioni ile mzee alinisindikiza hadi kwenye lori, polepole, na fimbo yake. Dereva alikuwa ameshawasha. Mzee akashika mlango, akaniambia bado hajakubali, na kwamba habari ya theluthi moja ya Buyoya atakwenda kuiulizia kwa wenzake waliosimamia vituo vingine, wachache waliobaki. Nikirudi mwezi ujao atakuwa na jibu. Na nisisahau mchele, akaongeza, ule wa safari hii ulikuwa na mawe.